Simu ya Naishorua na Majina Sitini

Ulikuwepo. Usinitazame hivyo. Siku ya mnada Karatu ulisimama kwenye kibanda cha kuchaji simu, ukamwona Loserian akiondoka na simu isiyo yake, ukageukia nyama choma yako. Hata mwaka ule daftari la kijiji lilipoibwa uligeuka. Watu watatu waliotoa ushahidi wa ardhi wakasumbuliwa hadi wakahama, nawe ukasema ni karatasi tu. Mimi sijasahau.

Basi sikia ulichokikosa.

Kazi ya Loserian ni kuwa ndugu wa watu. Na pale kibandani tuna utaratibu wetu mtukufu: unabandika plasta mgongoni mwa simu, unaandika jina lako, na chini ya jina unaandika namba ya siri, ili mwenye kibanda akusaidie kumjibu mnunuzi wa ng'ombe. Siri ya wazi kama bango la kampeni!

Loserian akasoma plasta moja. "Shemeji kanituma simu yake."

"Shemeji yupi?" akauliza mwenye kibanda.

"Naishorua wa Endulen. Amebanwa na mbuzi kule mnadani. Au nikamwite aje akutukane mwenyewe?"

Akapewa.

Naishorua ni katibu wa kamati ya ardhi. Ndani ya simu kulikuwa na picha za maelezo ya watu sitini, majina na dole gumba, wakieleza nani alizungushia uzio malisho yao. Wa kwanza ni Resiato, mjane mwenye mbuzi wanane, aliyekubali kusema kwa sharti kwamba jina lake lisifike kwa wenye uzio.

Loserian akaifungua kwa namba ya plasta, akayaona, akampigia Clemensi, dalali wa wenye uzio.

"Mzee, majina yote ninayo. Mwenye simu ni shemeji yangu, kanipa kwa hiari."

"Usinitumie chochote. Lete nione kwa macho."

Wakakutana mgahawani. Loserian akaiwekea simu ile bando la intaneti ili picha zifunguke, akaagiza supu kwa gharama ya mteja wake.

Naishorua alipokuta simu haipo, alikimbilia steshenari kwa Lusia, aliyemfungulia akaunti ya simu ile mtandaoni.

"Dada, wakimjua Resiato watamhamisha!"

"Tulia. Nakala za picha zipo kwenye akaunti. Simu naifuta kutoka hapa hapa," alisema Lusia, tayari yuko kwenye kompyuta. "Ila akiizima kabla agizo halijafika, tumekwisha. Chukua simu yangu, mpigie kwa Wasap. Mshike kwa maneno."

Mgahawani simu ikaita. Clemensi, ambaye ameoa Umaasaini, akainua uso. "Si shemeji yako huyo anapiga simu yake? Pokea."

"Takwenya, shemeji!" Loserian akaimba salamu ya Kimaasai.

"Iko! Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ndama?"

"Wananyonya."

"Yule dume mweupe, mguu umepona?"

"Umepona kabisa, anacheza."

"Mvua? Mama watoto? Babu yako, macho yanaona?"

Loserian akaanza kutoka jasho. Shemeji hakatishi salamu. Akikatisha, Clemensi angejua pale pale kwamba hapo hakuna undugu. Akajibu kuhusu babu. Akajibu kuhusu kondoo. Akamponya hata mbwa asiyemfahamu.

"Na punda?"

"Punda hawaja..."

Kioo kikawa cheusi. Kisha kikawaka upya, kikamkaribisha kwa heshima zote na kumuuliza anapenda lugha gani.

"Majina yako wapi?" akauliza Clemensi.

"Mzee, ni mtandao."

"Basi lete simu yako mwenyewe. Nakaa nayo mpaka mtandao urudi."

Akampokonya. Haikuwa na namba ya siri. Fundi wa siri za watu hakujiwekea hata moja. Clemensi akapekua picha, akakuta kitambulisho chake yeye Clemensi, kadi yake ya benki, na meseji zake kwa mke wa mtu.

"Kumbe wewe ndiye uliyeniokotea simu yangu ilipopotea, ukanirudishia, ukakataa hata soda!"

Loserian alipitia dirisha la jikoni, bila simu hata moja.

Usicheke sana. Resiato aliokolewa na maswali ya punda, na siku nyingine mwizi atakuwa na haraka, wala hatakuwa na shemeji wa kumchelewesha kwa salamu. Simu yako ina majina ya watu waliokuamini. Itoe mfukoni. Weka namba ya siri isiyo mwaka wako wa kuzaliwa, usimwandikie mtu. Washa sehemu ya kuitafuta na kuifuta ukiwa mbali. Huijui? Nenda kwa anayeijua, leo, akuoneshe. Mbona bado umekaa? Inuka!