Mwangwi Wenu Umenikatia Kauli

Kwa Mheshimiwa Mhifadhi Mkuu,
Hifadhi ya Mlima, Barafu na Maziwa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWANGWI WA ZIWA LA JUU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umevaa koti, maana baridi ya huko kwenu haina adabu. Mimi ni dobi. Miaka nenda rudi nimepiga pasi suti za mabwana harusi, nikawakabidhi zimenyooka, kisha nikarudi zangu nyumbani kulala kitanda kizima peke yangu. Ni kapera kwa hiari yangu, Mheshimiwa, si kwa kukosa. Hali hiyo ndiyo hifadhi yenu imeivuruga, nami naomba unisikilize mpaka mwisho, tofauti na alivyofanya huyo mtumishi wenu wa ziwani.

1. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alinialika matembezi ya basi kuja kuona barafu. Hakuniambia kwamba kiti cha pembeni yangu amemwekea fundi redio, dada mmoja mcheshi ambaye naye hajaolewa. Najua hilo si kosa lenu. Lakini pale getini mlikagua mifuko yetu yote mkamwacha shangazi apite, wakati nia yake ilikuwa wazi usoni.

2. Barafu yenyewe sina neno nayo. Ni nyeupe, ingawa pindoni imechafuka na mimi ningeiloweka kwanza. Ila mwongoza watalii alitutangazia kwamba kila mwaka inarudi nyuma kidogo. Mbona yenyewe haiitiwi kikao cha ukoo? Mimi nikirudi nyuma hatua moja tu, shangazi anawapigia simu wajomba.

3. Sasa nakuja kwenye kiini. Tulipofika ziwa la juu, shangazi alianza kuniuliza, mbele ya abiria wote, nasubiri nini. Hasira zikanipanda. Nikasimama juu ya jiwe, nikaielekea barafu iliyo ng'ambo, nikapaaza sauti ili yaishe: "Sitaki kuoa!" Mheshimiwa, mwangwi wenu ulimeza mwanzo wote, ukarudisha mkia: "Oa! Oa! Oa!" Abiria wakapiga makofi. Shangazi akainua mikono juu kushukuru.

4. Nikasema labda ni bahati mbaya. Nikajaribu kauli nyingine, yenye heshima zaidi: "Niachieni uhuru wangu!" Ukajibu: "Wangu! Wangu! Wangu!" Na wakati huo, haki ya nani, nilikuwa nimegeuka kutafuta pa kujificha, na aliyekuwa mbele ya macho yangu ni fundi redio.

5. Yeye akanionea huruma, akaniita kutoka ukingoni: "Kaka, usijali!" Mlima ukamsahihisha: "Jali! Jali!" Akacheka mpaka akashika magoti. Mimi pia nilicheka, lakini kwa kupinga.

6. Madhara hayakuishia huko. Shangazi alirekodi kila kitu, na sasa ndiyo mlio wa simu yake. Juzi nilimsindikiza benki, ikaita, foleni nzima ikanigeukia. Wateja wangu wakileta nguo hawabishi hodi tena, wanasema "Oa!" halafu wanaweka mfuko mezani. Fundi redio naye kila Jumamosi ananiletea koti lake nilinyooshe. Koti hilo halina hata mkunjo mmoja! Nalipiga pasi taratibu, kola mara mbili, kwa uaminifu wa kazi tu. Wiki iliyopita alinitengenezea redio ya dukani. Waya niliulegeza mwenyewe, lakini hilo halihusiani na malalamiko haya.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mwangwi huo usimamishwe kazi, au ufundishwe kurudisha maneno kuanzia mwanzo, kwa sababu sisi tukikataa, kukataa kwenyewe tunakuweka mbele, na ndiko unakokumeza. Pili, wekeni kibao pale ziwani: "Mwenye kukataa akatae kwa maandishi." Tatu, mwandikieni shangazi barua yenye muhuri, mumweleze kwamba mlima si mshenga na hauna mamlaka juu ya kapera wa watu. Msipochukua hatua, nitalazimika kupanda tena huko kuukabili mwenyewe.

Nisalimie askari wa getini, mwongoza watalii, na mpishi wa kambini aliyenipa chai ya pili bila kuniuliza habari za ndoa. Hata barafu nisalimie, iambie ijikaze, isikubali kusukumwa.

Wako mwenye msimamo usiotikisika,
Dobi.

Tanbihi: Nilisahau kuuliza. Pale ziwa la juu mnaruhusu sherehe ya watu wangapi? Sisi hatutazidi basi moja, ingawa shangazi peke yake ana kelele za basi la pili. Fundi redio anataka tusimame juu ya jiwe lilelile. Suti nimeshainyoosha, na safari hii ni yangu. Mwangwi msiufukuze kwanza, mwenzangu ameuzoea. Ila nawasihi, kaeni nao chini mapema, kwani siku hiyo nitasema "Nakubali!" kwa sauti yangu yote, na sitaki unirudishie "Bali! Bali! Bali!" mbele ya wakwe. Hiyo naitaka irudi nzima.