Kompyuta ya Vioo na Chumba cha Nyuma

Jumapili, 2 Juni

Nimeamua. Chumba cha nyuma ni changu. Kile cha stoo, chenye dirisha dogo na mlango wa komeo. Tangu nioe sijawahi kuwa na mlango wa kufunga nikabaki peke yangu. Hata bafuni watoto hugonga. Sitaki mengi. Kiti, meza, kompyuta nzuri ya gemu, na lile komeo.

Kikwazo ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Alikuja kutusalimia kwa wiki mbili. Kochi letu sasa limechukua umbo lake. Naye anakitaka chumba hichohicho, eti mgongo unamuuma. Kijana mbichi vile, mgongo!

Mke wangu ametoa hukumu huku akimenya viazi. Kazi yake ni kuhariri video za sherehe za watu, na kompyuta yake imechoka, inahema kama mtu aliyepanda ngazi. Akasema kwa kuwa sisi wawili kutwa tunajipiga kifua kuhusu kompyuta, basi kila mtu aunde yake. Ya wastani, isiyotulaza njaa. Jumamosi atazijaribu zote mbili kwa gemu moja na video moja. Itakayoshinda ataitumia yeye mchana, na aliyeiunda atachukua chumba.

Nilikubali hata hajamaliza kusema. Mimi ni fundi wa fremu za picha. Mikono hii inakata kioo bila kushika rula. Shemeji anaweza nini? Kulala.

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwenda duka la vifaa vya kompyuta. Muuzaji wanamwita Volti. Akaniuliza tuanze na nini, prosesa au kadi ya michoro. Nikamwambia tunaanza na kasha, lile sanduku la nje. Akaweka kalamu chini.

Lakini kasha lenyewe, jamani! Kioo mbele, kioo ubavuni, kingo zimekutana hadi wivu ukanishika. Volti akasema kasha halichezi gemu, nichague kwanza vya ndani ndipo nijue vinahitaji nafasi gani. Nikamjibu kwamba nimeuza picha mbaya nyingi sana kwa nguvu ya fremu. Nikalibeba.

Prosesa alinichagulia yeye, ya kati. Akaeleza kuwa inaweza kuchora picha kidogo yenyewe, za kazi za ofisini, lakini gemu na video ni kazi ya kadi ya michoro, kwa hiyo hapo nisibane mkono. Sikubana. Nilichukua kadi ya maana, ndefu, nzito, yenye feni zake. Ilimeza karibu bajeti yote. Kwa RAM, yaani kumbukumbu, nilichukua zile zinazowaka taa. Volti akasema zipo zisizowaka, kubwa zaidi, kwa bei ileile. Nikamuuliza zisizowaka nitazionaje. Akazitia kwenye mfuko.

Wakati wa kufunga mzigo alikuwa anasisitiza kitu kuhusu waya wa skrini na matundu ya nyuma. Sikumfuatilia. Nilikuwa nachagua rangi za feni.

Jumanne, 4 Juni

Kadi haiingii! Imezidi kasha kwa upana wa kidole.

Mtu mwingine angerudi dukani achekwe. Mimi nina msumeno wa chuma. Ndani ya kasha kulikuwa na kizimba cha chuma cha kuwekea diski za zamani. Sasa hakipo. Kadi imeingia, ingawa msumeno uliteleza ukaiachia mkwaruzo mrefu ubavuni. Hauonekani ukikaa upande wa pili wa chumba.

Mke wangu akauliza ile ni nini kwenye zulia. Nikasema vumbi. Akasema vumbi la nyumba hii halijawahi kung'aa.

Shemeji anaunda yake kwenye meza ya chakula. Loo, msiba. Kasha la ofisini lililotupwa, limekosa ubavu mmoja, matumbo yote nje. Kadi yake ya michoro ni ndogo, ya mtumba, fupi kama kitana. Nikamwonea huruma. Ni hisia tamu sana, sijui kwa nini siionji mara kwa mara.

Jumatano, 5 Juni

Imewaka! Bluu, zambarau, nyekundu, kisha bluu tena. Watoto wakapiga makofi. Mke wangu akasema inafanana na saluni. Nimelichukulia hilo kama pongezi.

Kisha nikaigeuza kuitazama mgongoni, na furaha yote ikanitoka. Aibu tupu. Juu kuna kundi la matundu ya ubao mkuu, ule unaobeba prosesa. Chini yake kuna matundu mengine, ya ile kadi. Waya wa skrini ukiuchomeka chini unaning'inia na kukatiza mgongo mzima. Ukiuchomeka juu unapita pembeni na kupotea. Sasa mtu mwenye macho atachagua wapi? Tundu ni tundu. Nikachomeka juu. Picha ikaja, safi kabisa.

Yale ya chini nimeyachongea kifuniko. Mbao ngumu ya kahawia, kona zimekatwa mshazari, vanishi mara mbili. Kinaingia polepole na kukaa kimya. Nimekitazama hadi chai ikapoa. Nimefremu picha ya harusi yangu mwenyewe, na bado nasema hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Alhamisi, 6 Juni

Gemu ya mpira inakokota miguu. Unapiga shuti, unasubiri, unakuna kichwa, mpira bado uko njiani. Nimezima, nimewasha. Nimepuliza ndani. Nimeisihi kwa sauti ya chini. Wapi.

Mchana mzima nimetafuta kosa, na nimelipata. Kadi ni mbovu. Volti amenipiga. Kuirudisha siwezi, atauona mkwaruzo wa msumeno na atasema nimeiharibu mwenyewe.

Nikaenda kusimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Nikalishika komeo, nikalivuta, nikalirudisha. Nitasema kweli. Mtu mzima na familia yake, anataka kulia kwa ajili ya stoo.

Sebuleni shemeji alikuwa amekaa mbele ya lundo lake la vyuma, anapiga mluzi. Nikamtazama. Nikaitazama kadi yake ya mtumba. Wazo likanijia lote kwa mkupuo, nikashindwa kula.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimefanya kazi safi.

Nimemkalisha shemeji, nikampa chai, nikaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia mimi na yeye ni ndugu. Kwamba mimi ndiye mkubwa, na dhamiri inanisuta kushindana naye nikiwa na kadi nzito vile. Achukue yangu, anipe yake, tupambane kiungwana.

Akaniuliza kama nina homa. Nikasema sina. Akaniuliza kama dada yake anajua. Nikasema undugu hauhitaji mashahidi. Akaniuliza tena kama nina hakika. Kijana ana roho nzuri, na hiyo ndiyo itakayomponza. Kisha akaanza kuniuliza gemu inaendaje, na waya wa skrini nimeuchomeka wapi. Nikaona huyu anataka kuniponyoka kwa maneno ya pembeni. Nikamwambia shemeji, hapa tunazungumza damu, wewe unaniletea waya.

Machozi yakamlengalenga. Akanikumbatia. Akaniongezea na feni yake moja, ya kijani, kwa shukrani. Mkwaruzo nilimwambia ni nembo ya kiwandani.

Nimecheka bafuni hadi watoto wakagonga.

Kadi yake nimeifunga. Gemu inakokota vilevile, hakuna tofauti yoyote. Hapo nikapata uthibitisho. Kama kadi kubwa ilikuwa inakwenda sawa na hii takataka ya mtumba, basi kweli ilikuwa mbovu, na nimefanya akili kuitoa. Kesho ya shemeji itakwama na yangu itakwama, ila yangu ina taa. Mke wangu ni mtu wa kuthamini uzuri. Alinichagua mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya hukumu. Mke wangu akavaa miwani yake ya kazi, akavuta kiti.

Akaanza na lile lundo la shemeji. Gemu ikaruka. Sitii chumvi, ilikuwa inaruka! Majani ya uwanja yanaonekana moja moja, mpira unafika kabla hujajutia kuupiga. Akaweka video iandaliwe, akaenda kunywa maji. Aliporudi ilikuwa tayari. Shemeji akaniangalia kwa macho ya shukrani. Nilitaka kumzaba kofi.

Ikafuata yangu. Nikazima taa ya chumba ili taa zangu zionekane. Akasema ni nzuri sana. Akauliza gemu itaanza lini. Nikamwambia imeshaanza. Akaweka video, akaenda kuanika nguo, akarudi, akaenda kuzipindua. Bado.

Akaigeuza kompyuta. Akauliza kile cha mbao ni nini. Nikasema ni kazi ya mikono. Akakibandua kwa kijiko. Kijiko, kwenye vanishi yangu! Akauchomoa waya wa skrini juu, akauchomeka chini, kwenye kadi. Gemu ikachangamka. Haikuifikia ya shemeji, kadi yenyewe ni ndogo, lakini ilikimbia. Mke wangu akasema kwamba wiki nzima kadi ilikuwa imekaa humo ndani bila kazi, wakati prosesa inahangaika kuchora peke yake.

Shemeji akasema kwa upole kuwa ndicho alichokuwa anataka kuniuliza jana.

Mke wangu akauliza jana kulikuwa na nini. Na yule kijana, kwa moyo wake mweupe, akamsimulia yote. Chai, damu, kukumbatiana. Akamwonyesha hadi nembo ya kiwandani. Mke wangu akaupitishia kidole ule mkwaruzo. Nikajiandaa kwa makelele. Akacheka badala yake, akacheka hadi akaketi kwenye kochi na kuvua miwani. Afadhali angepiga kelele.

Jioni shemeji amehamia chumba cha nyuma pamoja na godoro na lundo lake. Nimesikia komeo likifungwa kutoka ndani. Imeniuma. Siandiki zaidi ya hapo.

Jumapili, 9 Juni

Nimepewa kona ya sebule. Kompyuta imekaa karibu na mlango, mgongo nje, hakuna namna nyingine. Kochi liko wazi, nimekaa katika shimo alilochimba shemeji. Halifai kwa mtu mwenye makalio yangu, lakini nimezoea dhuluma.

Gemu inakwenda vizuri. Asubuhi nimeshinda mechi mbili. Watoto wamekaa pembeni kunishangilia, mke wangu akaniletea chai akanigusa bega. Kwa muda mfupi niliona maisha si mabaya.

Ila ule waya. Anayeingia ndani, kitu cha kwanza kuona ni ule waya unaning'inia. Leo ameingia jirani, akautazama. Aliomba chumvi tu, lakini aliutazama. Mimi ni fundi, nina jina langu mtaani. Nimevumilia hadi mchana. Kisha nikakisugua kifuniko, nikakipaka vanishi upya, nikakirudisha mahali pake. Waya nikaupeleka juu, ukapotea. Loo, mgongo ule sasa ungeutundika ukutani.

Nilipowasha, gemu ikaanza tena kukokota miguu.

Nimekaa nikawaza, na jibu nimelipata. Ile kadi ya shemeji ni mbovu. Jana ilijikaza kwa sababu dada yake alikuwa anaitazama. Alijua, yule kijana. Ndiyo maana alitoa machozi, ndiyo maana akaniongezea feni. Na mimi nilimwona ana roho nzuri!

Kesho nitamgongea. Nitamkalisha, nimpe chai, nimweleze taratibu kwamba ndugu hurudishiana. Na safari hii akianza tena habari zake za waya, nitajua kuna kitu anaficha.