Kiboko Yupi, au Kiboko Kipi?

Ndugu Afisa Elimu,

Salamu na heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi, na mjukuu wangu anasoma katika shule yetu ndogo, ile ambayo darasa la nne na la tano hutumia ubao mmoja uliogawanywa kwa mstari wa chaki. Nimesoma barua yako isemayo kwamba darasa la tano limekuwa la mwisho katika mtihani wa insha, kwa hiyo shule itafungwa na watoto watahamishiwa ng'ambo ya mlima. Kwa unyenyekevu, napinga.

1. Wanafunzi wameniambia kwamba walitakiwa kuandika insha kuhusu kiboko. Wote kumi na mmoja waliandika kuhusu cha kuchapia. Wote wakapata sifuri, kwa sababu mtahini alimkusudia mnyama. Ndugu Afisa, mnyama ni kiboko huyu. Cha kuchapia ni kiboko hiki. Swali lisipokuwa na upatanisho, mtoto atajuaje?

2. Niliwaagiza waziandike upya insha hizo, nikazisahihisha mwenyewe. Nukta zipo, herufi kubwa zipo. Mmoja ameeleza mlio unaosikika kabla ya maumivu. Mwingine ametoa ushauri wa kuvaa kaptula mbili siku ya hesabu. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikupata kusoma maelezo yenye uhakika kama huo.

3. Hapa kwetu hakuna mto wa kumtosha hata bata. Fundi baiskeli, ambaye ni mzazi, alinijia juu: "Mwalimu, mimi na ndevu hizi kiboko nimemwona kwenye kalenda tu, tena mgongo. Huyo mwanangu angemwona wapi, kwenye sufuria?"

4. Kwa hiyo naomba ofisi yako ituletee kiboko mmoja, aliye hai, awe zana ya kufundishia. Chumba cha darasa la sita hakina paa, naye mvua haitamkera.

5. Ikiwa kiboko hapatikani, basi aletwe mtahini. Akae darasani muhula mmoja, dawati la mbele, na asijue jedwali la kuzidisha la saba. Kisha azisahihishe insha upya. Naamini alama zitapanda.

6. Watoto wa darasa la kwanza, kwa miguu yao ilivyo mifupi, wakitumwa ng'ambo ya mlima watafika wakati wenzao wanarudi.

Wasalimie wote ofisini, bila kumsahau karani aliyeandika "masaa ya kazi" mlangoni. Mwambie ni saa.

Wako katika upatanisho wa kisarufi,
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mjukuu wangu ameniletea karatasi ya mtihani. Swali linasema: "Eleza kuhusu kiboko unayemfahamu." Upatanisho upo, tena mara mbili. Hoja zangu zimeanguka, na mtahini namtaka radhi. Nimemuuliza mtoto, kwa ukali, kwa nini hawakuliona neno "unayemfahamu".

"Tuliliona, babu," akasema. "Tunayemfahamu ni huyo tuliyemwandika. Anaingia darasani kila asubuhi, na anatujua sote kwa majina."

Kwa hiyo naomba shule iachwe. Yule wa mtoni asiletwe. Njoo umchukue huyu.