Mboga Zisizogusa Udongo

Thobias aliiona riziki yake siku alipoegesha pikipiki kwenye genge la Segese, akawakuta kina mama wakiosha mchicha mara tatu tatu. Alipouliza, akaambiwa udongo wa pale umeingia zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu, na mboga safi hutoka Kahama kwa bei ya kukondesha. Mtu mwema angesikitika. Thobias naye alisikitika, kwamba amechelewa kufika.

Alirudi amevaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, akijiita Mwalimu wa Kilimo cha Maji. Hakuwa amewahi kupanda hata kitunguu. Alitoboa mabomba ya plastiki, akayalaza kwa mteremko, akatia vikombe vya kokoto na mbegu, kisha akaonyesha jinsi ya kumimina maji yenye dawa juu ili yakingwe na ndoo chini. Kokoto alizizoa bure kwenye lundo lililotelekezwa kando ya barabara ya mgodini. Dawa ilikuwa bluu ya kufulia na chumvi.

"Udongo ni mazoea tu, mama zangu," aliwahubiria. "Mtoto anahitaji tope ndiyo akue?"

Wakacheka, wakanunua. Wa kwanza alikuwa Mama Limi, aliyepikia wachimbaji ugali, na ndiye aliyewaita majirani. Thobias alimpenda mama yule kwa moyo wote, kama mwizi anavyopenda mlango ulio wazi.

Angeondoka hapo hapo, yote yangemwishia salama. Lakini tamaa haina likizo, akarudi kuuza dawa ya awamu ya pili. Alimkuta Mama Limi ameinamia ndoo yake, uso umemshuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Mchicha umegoma kuota. Nadhani ni huu uchafu wa njano unaotoka kwenye kokoto zako."

Thobias akachungulia. Chini ya ndoo kulikuwa na chenga zinazong'aa kama dhahabu. Lile lundo la barabarani! Kumbe alikuwa akigawa utajiri kwa vikombe. Akajikaza, akasema hiyo ni sumu mbaya, ngoja aibebe akaiteketeze. Mama Limi akamshukuru, ila akaona ni heri kwanza amwonyeshe kaka yake wa mgodini, yeye anajua mambo ya mawe.

Kaka huyo akiziona chenga, lile lundo lingepata wenyewe kabla ya jioni. Thobias akaahidi kumpa pesa zote alizokuwa nazo, mradi amwachie sumu ile. Mama akakataa. Pesa ya sumu ataila vipi? Yeye alitaka kitu cha kumletea mchicha kutoka Kahama, maana wateja hawatasubiri. Na macho yake yakatua kwenye pikipiki.

Ile pikipiki ndiyo iliyokuwa nyumba, duka na mbio za Thobias. Kila mji alioutapeli aliuaga akiwa juu yake. Lakini mtu mwenye lundo zima la dhahabu anahitaji pikipiki ya nini? Akatoa funguo na kadi ya umiliki mbele ya jirani, awe shahidi.

Mama Limi akazikusanya kokoto na zile chenga kwenye kiroba, akakifunga mdomo kwa kamba. "Huku kwetu mawe yakishanunuliwa hayafunguliwi mlangoni kwa muuzaji. Unaondoka na bahati yako."

Thobias, asije akaonekana mgeni, akaitikia kwamba mila hiyo anaifahamu tangu utotoni.

Alifika Bulyanhulu kwa bodaboda ya kukodi, akakibwaga kiroba mbele ya Ndaki, mnunuzi wa dhahabu. Ndaki akachota chenga, akadondosha tindikali. Zikachemka, zikatoa povu la kijani.

"Hii si dhahabu, ni shaba ya koki ya bomba iliyopigwa tupa," alisema kwa upole. "Mtu wa hapa akiona kinachong'aa, kwanza anakijaribu. Wewe ulikijaribu?"

Polisi angewaambia nini? Kwao, mjini Shinyanga, angerudi na nini? Thobias akakibeba kiroba, akarudi Segese kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akiumia kwelikweli, maana kutapeliwa ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha kulivumilia.

Aliwakuta wateja wake wote kwenye benchi la Mama Limi, wametulia, wanakunywa chai. Pikipiki ilikuwa katikati yao, imefungwa mnyororo.

"Karibu, mwalimu," alisema Mama Limi. "Tuliogopa utaondoka kabla hujatufundisha. Pikipiki yako ipo. Utaichukua siku tutakayochuma mboga."

"Mboga zipi?"

"Hizi zisizohitaji udongo. Ulisema zinaota, nasi tulikuamini."

Thobias akawatazama usoni mmoja mmoja, akitafuta wa kumlaghai, asimpate. Basi akakaa chini, akatoa simu, na kwa mara ya kwanza maishani akaanza kusoma jinsi mchicha unavyooteshwa kwenye maji. Kumbe dawa yenyewe ipo, inauzwa maduka ya pembejeo. Kumbe mbegu huanza kwa kuloweshwa. Na kumbe kabla ya yote, kokoto huoshwa mpaka maji yatoke safi.

Akaomba beseni.