Kizuizi cha Ndoa ya Vumilia: Bwana Harusi Ameajiriwa

Donatus Mageni,
Fundi Vyuma wa Kujitegemea,
Katoro.

Kwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili iliyopita ulisoma tangazo la pili la ndoa ya binti yangu Vumilia na kijana George, ukasema mwenye kujua kizuizi chochote asikae nacho moyoni. Nimekaa nacho siku tatu nzima, kinanichoma. Bwana harusi ameajiriwa.

Najua mmezoea vizuizi vidogo vidogo, kama mtu kuwa na mke mwingine Ushirombo. Hiki ni kikubwa. George ni fundi wa kuchomelea kama mimi, ila yeye anachomelea kwenye kampuni huko mgodini, mimi nachomelea chini ya bati langu hapa barabarani. Naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Hajui kumaliza kitu. Miaka yote hii anaunga mabomba. Mmoja anakata, mwingine anasugua, wa tatu anakuja kukagua. Nilimuuliza geti lake la kwanza liko nyumba ya nani, akacheka. Mimi nikipita mjini nasalimiana na mageti yangu. Makarasha ya Nyarugusu, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ni kazi ya mkono wangu. Hata geti la parokia, Baba, ni langu. Yeye atawaonyesha wanawe nini, bomba?

2. Ana bwana. King'ora kikilia anakula, kikilia tena anaacha. Mama mkwe wangu alipofariki Bukombe, George alikuja msibani na ruhusa ya siku moja, akaondoka matanga hayajaanuliwa. Mimi nilifunga kibanda mpaka mwisho na wateja wakanisubiri. Wasionisubiri hawakuwa wateja.

3. Anaogopa kazi. Hawashi mashine mpaka avae kofia yenye kioo cheusi, glavu za ngozi, na buti ambazo ng'ombe akizikanyaga ataumia ng'ombe. Mimi nina miwani ya jua niliyonunua mnadani. Moto ukinipiga naweka vipande vya viazi machoni, nalala, kesho yake nachomelea. Huo ndio ufundi.

4. Hapa ndipo penye aibu yenyewe. Macho ya George ni meupe pee! Fundi gani wa kuchomelea asiyetokwa na machozi? Mimi sokoni wananitambua kwa wekundu wa macho. Nina hofu kwamba huyu si fundi. Kama si fundi, alituongopea siku ya posa, na mtu wa kuongopa posa anaweza kuwa hata hajabatizwa.

Kwa hiyo naomba tangazo la tatu lisisomwe mpaka kijana aache kazi, aje kibandani kwangu, ajitegemee chini yangu.

Nisalimie Katekista Raphael, masista wote, na wanakwaya, ila wanaoimba besi wapunguze. Mama Vumilia naye anakusalimu, ingawa barua hii ameikataa.

Asante, wabeja sana.

Mwanao mtiifu katika Kristo, si katika ajira,
Donatus Mageni

Nyongeza: Baba, barua hii ameiandika Vumilia mwenyewe, mimi namtajia, kwa sababu tangu Pasaka mistari ya karatasi siioni. Ameandika yote bila kubisha. Tulipofika kwenye macho nikasikia kalamu imesimama, kisha analia. Akaniambia kadi ya bima ya George inatibu mpaka baba mkwe, ila ndoa ifungwe kwanza. Karatasi imeshajaa, siwezi kuanza upya. Kama sheria ya Kanisa inaruhusu, naomba tangazo la tatu ulisome kesho kwenye misa ya asubuhi, usingoje Jumapili. Na lile geti la parokia lisilofungika, nililichomelea kwa kupapasa. Atakuja kulinyoosha mkwe wangu.