Habari za Kisigino, Mshona Viatu Aliyechelewa Kila Moto

Sogeeni, enyi mlioketi vibarazani, nanyi mnaopita na vikapu mikononi. Tueni mizigo, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Wamesimuliwa wafalme na majemadari hata makoo yakakauka. Leo ni zamu ya Kikosi cha Wazima Moto wa Kujitolea, na ya shujaa wake Kisigino, mshika msharasi wa kutobolea ngozi, mvuta uzi wa nta, tabibu wa soli zilizochoka, aliyengoja miaka kumi na mmoja auone moto mmoja tu, uso kwa uso.

Asili ya kikosi hicho ilikuwa aibu. Kinu cha kusaga nafaka kilishika moto mchana kweupe, na wanakijiji mia mbili wakakizunguka, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Lete ndoo!" Walipokwisha kukubaliana nani ailete, paa lilikuwa limekwisha kuketi sakafuni. Ndipo fundi wa baiskeli, mtu mwenye kifua kama pipa na sauti ya kulijaza pipa hilo, alipopanda juu ya jiwe la kusagia lililobaki, akanguruma: "Enyi jamaa zangu! Sisi ni watu, au ni watazamaji?" Swali likawachoma kuliko moto wenyewe. Siku ile ile wakaapa kumi na wawili, na fundi baiskeli akaitwa Kamanda tangu hapo, hata na mkewe.

Wakapata lori kuukuu lililokuwa likibeba maziwa, wakalipaka rangi nyekundu, ingawa mvua ikinyesha ng'ombe mweupe aliyechorwa ubavuni alijitokeza tena akiwatazama. Wakapata pampu ya mkono yenye mikono miwili, mpira wa maji wenye urefu wa hatua hamsini, helmeti kumi na mbili, na kengele. Mwalimu mkuu mstaafu, mama asiyesahau tarehe wala kosa la mtu, akawa Katibu.

Kisigino alikuwa miongoni mwa hao kumi na wawili, ingawa hata kinu alikikuta kimekwisha kuungua. Naam, alikuwemo katika kiapo. Katika vita ndimo hakuwahi kuwemo.

Vita vya Kwanza, vya lundo la majani makavu, vilimkuta kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu ina povu. Alipofika, majivu yalikuwa yamepoa. Vita vya Pili, vya bomba la moshi la mwoka mikate, alivikimbilia kwa kasi ya swala, lakini upepo uliipeperusha sauti ya kengele, naye akakimbilia upande wa pili wa kijiji, akasimama peke yake katikati ya shamba la viazi, helmeti kichwani, akitafuta moshi. Na Vita vya Tatu? Aa, hivyo ndivyo vichungu. Siku hiyo alikuwa kituoni kabisa, amelala chali chini ya lori, akikaza kipande cha ngozi kwenye pedali. Kengele ikalia, mashujaa wakarukia juu, lori likaondoka. Likamwacha pale pale, mikono hewani, akitazama mawingu.

Tangu hapo maneno yakaota miguu. Watu walisema, "Ukitaka nyumba yako isiungue, mkaribishe Kisigino akae." Lakini aliyesema kwa ufasaha kupita wote alikuwa mama mkwe wake, mjane mwenye kuku saba na ulimi mmoja uliotosha. "Mkwe wangu," alikuwa akiwaambia majirani, "ni mzima moto wa moto uliokwisha kuzimika."

Basi ikawa fundi bomba, kijana mrefu na hodari, akaomba kujiunga na kikosi; helmeti zilikuwa kumi na mbili, na vichwa sasa kumi na vitatu. Kamanda akamwendea Kisigino kibandani kwake, akavua helmeti yake, akaishika kifuani kama mtu aliyefika msibani.

"Ewe ndugu yangu wa kiapo," akanena, "mti usiozaa hautukanwi, huenda msimu wake bado. Lakini helmeti ni chache, na vichwa vimezidi. Kikosi kimeshauriana, na kikosi kimeumia. Jumamosi uirudishe."

"Kwa kuwa sijauona moto?"

"Kwa kuwa moto haujakuona wewe," Kamanda akasema kwa upole. Maneno hayo, ingawa yalikusudiwa kufariji, hayakufariji.

Jumamosi ikafika. Saa tisa alasiri Kisigino akaipangusa helmeti yake, akavaa shati la kikosi kwa mara ya mwisho, akachukua mfuko wake wa zana, ambao hakuuacha hata akienda kuoga, pamoja na viatu vya kutokea vya mama mkwe, alivyokuwa amevitia soli mpya.

"Mpelekee mama viatu kwanza," mkewe akamwambia. "Akikusema, nyamaza."

"Siku zote nanyamaza."

"Leo nyamaza zaidi."

Akaenda, helmeti kwapani, uso chini. Alipokaribia ua wa mama mkwe pua yake ikamwambia jambo ambalo macho yake yalikataa kuliamini. Moshi! Si moshi wa jikoni, ulionyooka na wenye adabu. Huu ulikuwa moshi mzito wa manjano, unaojikunja na kujikunjua nyuma ya banda la kuku. Mama mkwe alikuwa amemwaga majivu ya jikoni hapo, na ndani ya majivu kaa moja lilikuwa limejificha kama mpelelezi. Likayashika majani makavu, majani yakaushika ubao wa chini wa banda. Moto wenyewe ulikuwa na upana wa mkeka. Lakini upepo ulikuwa ukiusukuma, na hatua nne nyuma ya banda lilisimama ghala la kuni za mwaka mzima, na nyuma ya ghala, ukuta wa mbao wa nyumba.

Kisigino akasimama. Moyo wake ukapiga kama nyundo juu ya soli. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameutafuta, na tazama, ulikuwa hapa, mwekundu, unatafuna, wala haukuwa na haraka ya kwenda popote. Akavaa helmeti.

"Shikamoo mama!" akapaza sauti, kwa maana hata vitani adabu ni adabu. "Banda lako linaungua!"

"Marahaba. Linafanya nini?" Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi, akaona, mwiko ukaanguka. "Kuku wangu!"

"Mpigie simu Kamanda! Kuku niachie mimi!"

Akaufungua mlango wa banda, akawaamuru kuku watoke kwa jina la kikosi. Kuku hawakulitambua jina hilo. Wakajibana pembeni, wakimtazama kwa jicho moja moja. Akaingia kwa magoti, akawatoa mmoja mmoja, sita kwa miguu na wa saba kwa mkia, naye akatoka ana manyoya masharubuni. Akakimbilia bomba la uani. Likatoa maji kwa kudondosha, tone na tone, kama mtu anayekumbuka deni. Nusu ndoo aliyoipata akaimwaga juu ya ubao. Moto ukayafyonza, ukakohoa, ukaendelea.

Ndipo likasikika lori likiteremka mlimani, kengele ikilia, Kamanda amesimama ubavuni kama bendera. Likasimama kwa kugonga uzio kidogo tu.

"Enyi simba wa maji!" Kamanda akanguruma. "Saa imewadia! Leo mababu zetu wanatutazama, na wajukuu ambao bado hawajazaliwa wanauliza—"

"Baba, wataulizia ndani ya nyumba ipi?" mama mkwe akamkata. "Moto hauzimwi kwa maneno. Mwaga maji!"

Mpira ukakunjuliwa. Mwoka mikate na fundi bomba wakaishika mikono ya pampu, wakasukuma, juu, chini, juu, chini. Mpira ukavimba kama nyoka aliyemeza mbuzi. Kamanda akaushika mdomo wa mpira, akauelekeza kwa adui. Kukatoka tone moja. Likaning'inia, likafikiri, likaanguka juu ya kiatu chake.

Kwa maana katikati ya mpira, pale panya wa kituoni walipokuwa wamefanya karamu yao, maji yalipasua tundu la kuingia vidole vitatu, yakaruka juu kwa nguvu zote za pampu, yakamwangukia Katibu, pamoja na daftari lake.

"Saa tisa na dakika ishirini na mbili," Katibu akasema huku maji yakimchuruzika, "mpira umetoboka."

Mwoka mikate akaziba tundu kwa kiganja. Maji yakamwingia mikononi mwa shati yakatokea shingoni. Fundi bomba akasema kipande cha kufungia kipo nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa. Moto ukaupita ubao wa chini, ukashika wa pili. Cheche mbili zikaruka hadi kwenye kuni. Na Kamanda, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kinu, akamwambia mwenzake, "Lete ndoo!"

"Acheni kusukuma!" ilikuwa sauti ya Kisigino. Wote wakageuka, maana wengi hawakuwahi kuisikia sauti hiyo ikipandishwa. Alikuwa amepiga goti matopeni, mpira juu ya paja, msharasi mkononi. "Nahitaji ngozi. Ngozi laini, pana, isiyo na tundu."

Wakatazamana. Hapakuwa na ngozi. Akayashusha macho yake, nayo yakatua juu ya mfuko aliokuja nao, juu ya viatu vya kutokea vya mama mkwe, vyeusi, vinavyong'aa, alivyovihangaikia siku tatu. Akamtazama mama mkwe, naye mama mkwe akamtazama. Ndugu zangu, mmekwisha kumwona mtu akichagua kati ya moto na mama mkwe? Msicheke; ombeni yasiwafike.

"Mama," akasema, akichomoa kisu mfukoni, "niwie radhi."

"Cha kushoto," mama mkwe akajibu. "Cha kulia hakinibani."

Kisu kikapita. Ngozi ikaachana na soli kwa mlio wa kuumiza moyo. Akauzungushia mpira ngozi ile mara mbili, akauvuta uzi wa nta kwa meno, na msharasi ukaanza kwenda. Wakati ule mikono yake haikuwa ya yule mtu wa shamba la viazi. Ilikwenda kama inavyokwenda kibandani kila siku, choma, pitisha, vuta, kaza. Moshi ukimchoma macho hakufumba, kuku akimpanda begani hakumfukuza. Mishono ishirini na tisa. Katibu aliihesabu kwa sauti. Wa thelathini akaufunga fundo, akaukata.

"Sukumeni!"

Wakasukuma. Mpira ukavimba, ngozi ya kiatu ikalia *kriii*, ikakaza, ikashika. Kamanda akamsogezea Kisigino mdomo wa mpira kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mtoto mchanga. "Shika wewe," akasema, bila hotuba.

Maji yakatoka. Yakatoka kwa kishindo, yakampiga mama mkwe kwanza, kwa kuwa Kisigino hakuwahi kushika mpira wenye maji na mpira una akili zake. Kisha yakageuka, yakaukuta ubao, yakaupiga moto usoni. Ukalia, ukapiga teke, ukajificha, akaufuata. Ukachungulia kwenye kuni, akaukuta huko huko. Ulipokwisha kufa akaendelea kuumwagia, hata tangi likakauka na ua ukawa ziwa, na kuku saba wakawa wamepanga mstari juu ya lori.

Mama mkwe akaufungua mtandio, akaukamua.

"Miaka kumi na mmoja nimemsema huyu," akatangaza, akiwageukia majirani waliokuwa wamejaa uzioni. "Leo nimelowa hadi kwenye mifupa, nina kiatu kimoja, na kuku wangu wote ni wazima. Atakayemsema tena mkwe wangu, aje aniseme mimi."

"Na ile helmeti..." Kamanda akaanza, akikuna shingo.

"Fundi bomba ni mrefu, nitampa sufuria avae kichwani," mama mkwe akasema. "Ile isiyo na mpini. Inamtosha."

Basi Katibu akaufunua ukurasa uliosalia mkavu, akaandika, na wote wakamsikiliza akisoma: "Vita vya Nne. Banda la kuku. Moto ulizimwa saa tisa na dakika arobaini. Hasara: mbao mbili, kiatu kimoja. Aliyekuwepo wa kwanza: Kisigino." Akalipigia mstari neno *aliyekuwepo*. Watu wakapiga kelele za shangwe hata mbwa wa kijiji cha jirani wakaitikia, na kila anayesimulia mambo ya kikosi kile huyasoma maneno hayo ya daftari, naye husimama anapoyasoma.

Jioni ile mkewe alilipokea shati lake mlangoni, jeusi kwa masizi, akalipeleka moja kwa moja kwenye beseni la sabuni.

"Usilifue," Kisigino akasema.

"Linanuka moshi mtupu."

"Najua."

Mke akalinusa tena shati, taratibu, kisha akalitoa juu ya beseni, akaenda nalo sebuleni, akalitundika ukutani mahali ambapo kila mgeni angelazimika kuuliza.