Helmeti ya Bi Shirin na Sura Yangu ya Saba

Honi ndiyo iliyoanza. Ndefu moja, halafu fupi fupi, chini ya ghorofa letu hapa Rexdale, huku ughaibuni, hata pazia sijafungua. Jirani akagonga ukuta kwa hasira. Mimi nikatabasamu kitandani. Nikajua leo ni siku yangu.

(Ilikuwa siku yangu kweli. Ya kudhalilika.)

Niwaeleze waandishi wenzangu wa kundi hili wasiojua. Muda wote huu ninaandika riwaya juu ya marehemu Amir, dereva wa mashindano ya magari kutoka Arusha, mtu aliyekuwa akishuka milima ya Usambara kwenye tope huku watu wamejipanga kando wakishangilia. Mjane wake, Bi Shirin, yupo, anaishi Unionville na maua yake. Mchapishaji alishasema wazi: bila baraka ya mjane, kitabu hakitoki. Na Bi Shirin naye alisema wazi: "Sitakujibu kwenye simu. Nitakupeleka mahali, utanisomea sura moja njiani, halafu nitakujibu."

Mahali penyewe ni barabara ya mlimani huko kaskazini, ambako zamani watu walikuwa wakishindana kupanda na magari. Siku hizi wanaipanda polepole, kupiga picha majani mekundu ya vuli. (Wenyeji wanasema ni mlima. Mtu wa Lushoto angeuliza mlima wenyewe uko wapi.)

Nikashuka hadi kwenye gari lake, sura ya saba mkononi, moyo mkubwa kama nyumba.

"Shikamoo, Bi Shirin."

"Marahaba, beta, mwanangu. Umekula?"

Nilikuwa nimekula. Lakini mnawajua kina mama wa namna hii. Ukiulizwa umekula, jibu la "ndiyo" halipokelewi. Kapu likafunguliwa. Kachori. Sambusa za nyama. Mkate wa kumimina. Chupa ya chai ya maziwa, nzito kwa iliki. Nilipojaribu kukataa sambusa nyingine, akanipima kwa macho.

"Mwandishi mwembamba hivi atamwandikaje Amir? Amir alikuwa mlango mzima!"

Nikala. Nikajitolea kuendesha. Akanitazama kana kwamba nimemwomba meno yake.

"Wewe keti hapo. Kiti cha msoma njia."

Kisha akaniwekea mapajani helmeti kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, ndani ina kitambaa laini.

"Ishike vizuri. Nilihama nayo Arusha. Nimeipakata kwenye ndege mpaka hapa."

Nikaipakata nami kama mtoto mchanga. (Nikawaza, kumbe marehemu alikuwa na kichwa kidogo. Sikuuliza. Wiki iliyopita niliwaambia hapa kundini kwamba mwandishi haulizi, mwandishi anahisi. Mlinipigia makofi. Sote tugawane lawama.)

Kwenye barabara kuu Bi Shirin aliendesha kama anabeba mayai. Malori yakatupita. Mabasi ya shule yakatupita. Nikaanza kumwonea huruma. Nikafikiria hata kuongeza aya moja juu ya uzee na upole wake.

Kisha barabara ikaacha mashamba na kuanza kupanda. Bi Shirin akavua shali, akaitupa nyuma. Akashika gia. (Gari lake ni la gia za mkono, ambalo mwanawe amemsihi auze mpaka amechoka.)

"Haya. Soma."

Nikasafisha koo. "'Barabara ilijinyonganyonga mbele ya Amir, naye akaipokea kwa utulivu wa mtu aliyeizaa...'"

Kona ya kwanza. Tumbo likasema neno.

"Sauti, beta! Injini inakushinda!"

Nikapaza sauti. "'Nyumbani, Shirin alisimama dirishani, machozi yakimtiririka...'"

Bi Shirin akabadilisha gia kwa namna ambayo sasa naielewa, lakini wakati ule sikuielewa.

"Nani huyo analia?"

"Wewe, Bi Shirin."

"Mimi?"

"Kwa mapenzi."

"Hm!"

Mguu ukazama. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Nje yalipita majani mekundu, ya dhahabu, uzuri wa kumtoa mtu machozi, na mimi macho yamezama kwenye karatasi.

"Mbona umekuwa kijivu?"

"Tumbo langu ni la chuma, Bi Shirin."

(Nilisema hivyo. Kwa kinywa hiki hiki kilichokuwa karibu kunisaliti.)

"Basi endelea."

"'Kwa maana tumbo la shujaa hutulia pale ambapo barabara...'"

Sentensi ile haikufika mwisho. Nikatafuta dirisha, sikuona kitufe. Nikatafuta kapu, liko nyuma. Mbele yangu palikuwa na kitu kimoja tu: cha mviringo, chenye kina kirefu, ndani kina kitambaa laini.

Msinilazimishe kueleza. Kachori zilirudi. Sambusa zilirudi. Iliki nayo, kwa utaratibu wake.

Bi Shirin akaegesha juu kabisa, mahali pa kutazamia bonde. Akazima injini. Watalii wawili waliokuwa wanapiga picha wakatuona, wakasogea mbali.

"Bi Shirin," nikaanza, "nisamehe. Nimechafua helmeti ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Mzee Amir."

"Kichwa cha Amir kingeingia humo? Sijakwambia alikuwa mlango mzima?" Akatazama bonde. "Hiyo ni yangu."

Nikabaki nimeishika.

"Nilikaa kiti hicho hicho, nikimsomea kona, namtajia inayofuata kabla hajaifikia. Mvua, vumbi, tope. Aliyekuwa akilia dirishani ni mama mkwe wangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Umekuja kwangu mara ngapi, umekunywa chai yangu. Ukaniuliza Amir alipenda nini, alivaa nini, aliniambia nini siku anaondoka. Hakuniambia kitu, beta. Tuliondoka wote."

Jamani. Nimeandika sura saba. Katika zote saba Bi Shirin yuko dirishani.

Tukaanza kushuka mlima. Safari hii alinipokonya karatasi. "Macho mbele. Itafute kona inayofuata, hii uliyomo imeshapita." Na kweli, tumbo likatulia. Nikaanza kumtajia: kushoto, kali, kulia, ndefu. "Polepole, unasema mapema mno!" akafoka, lakini alikuwa anafurahi, niliona.

Mpaka tunafika Rexdale nilikuwa nimepata ujasiri wa kuuliza.

"Na baraka yako, Bi Shirin?"

"Kitabu hicho? Hapana."

Nikashika kitasa cha mlango, nishuke.

"Cha watu wawili ndani ya gari, tutaongea. Njoo Jumamosi, na helmeti yangu imefuliwa. Na siku hiyo usile kwako."

Kwa hiyo naanza upya, na nawaambia mapema, itakuwa riwaya nzuri kuliko ile mliyoipigia makofi. Helmeti imelowekwa kwenye ndoo bafuni. Nyie msicheke, tafadhali. Mwenye haki ya kucheka ameshacheka: nilishuka na helmeti ndani ya mfuko wa nailoni unaonuka iliki, nikamwacha ameangukia usukani akicheka, na kicheko chake kilikatika masikioni mwangu pale tu nilipofunga mlango wa gari nyuma yangu.